Umepiga rangi mashine ya kufulia au draya (ya kukaushia nguo) ya zamani na mambo hayajakaa sawa? Tafuta tatizo lako hapa

Wadau, hizi mashine za mtumba ndio zimejaa mjini, nyingine zimekuja na kontena, nyingine umeachiwa na mtu anayehama Masaki kwa bei ya kutupa, ndani nzima kabisa ila ukiiangalia nje imepauka, pembeni kutu, plastiki imekuwa njano utadhani ilikaa juani miaka kumi. Kuipiga rangi ni wazo zuri tu maana bodi yake ni bati na bati linapakika. Ishu inaanza wiki mbili tatu baadaye, na malalamiko yanafanana sana: imebanduka, imevimba, inanata, imeota vipele, na kuna wale wanaosema tangu waipake rangi inawapiga shoti. Wengi wanalaumu kopo la spirei, eti feki. Feki zipo, sikatai, ila mara nyingi kilichoua kazi kipo chini ya rangi, yaani mafuta, sabuni, chumvi au unyevu. Kwa kila tatizo nimeanza na sababu inayotokea zaidi, nikashuka mpaka zile za nadra, na pale pa kuacha na kuita fundi nimesema wazi.

Kabla ya chochote, chomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi tu. Funga maji, fungua kile kichujio cha chini mbele umwage maji yaliyobaki. Usiinyanyue peke yako, mashine ya mlango wa mbele inacheza kilo 60 mpaka 70 na nyingine zinapita hapo kwa sababu ndani wamefunga zege la kuituliza isicheze inapokamua. Na usipulize rangi jikoni kwenye mtungi wa gesi au karibu na jiko la mkaa, ule mvuke wa thina unashika moto fasta kuliko unavyofikiria.

Rangi inabanduka vipande vipande

Hii ndio namba moja. Usikimbilie kupaka juu yake, chukua kipande kilichobanduka ukigeuze uangalie mgongo wake, majibu yote yapo hapo.

Mgongo ukiwa laini, unang'aa, na chini rangi ya kiwandani ipo vilevile safi, basi hukupiga msasa au ulipiga wa kuzugia. Rangi ya kiwandani imechomwa kwenye oveni, ni ngumu na inateleza, rangi mpya haina pa kushika. Unatakiwa upige msasa wa maji namba 320 au 400 bodi nzima mpaka mng'ao wote uishe, ukiangalia kwa pembeni usione hata sehemu inayometa, na kwenye kona na kuzunguka mlango ndiko watu wanaruka kwa sababu ni pagumu kufika.

Mgongo ukiwa na utelezi kidogo ukiushika, hapo ni sabuni au ile dawa ya kulainisha nguo. Mashine imeishi miaka inamwagikiwa vitu hivyo, vinaacha utando ambao macho hayauoni. Kipimo chake cha bure kabisa: baada ya kuosha, mwagia maji safi kwenye bati. Maji yakitanda yote kama shuka ujue pasafi, yakijikusanya matone matone ujue bado kuna mafuta, rudia. Osha na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, halafu futa na spiriti kwa kitambaa cheupe, na ugeuze kitambaa kila mara, ukitumia upande uleule unasambaza uchafu tu.

Mgongo ukiwa na unga mweupe mweupe, hapo wengi hawajui kinachoendelea. Mashine nyingi bati lake limepakwa zinki ili lisishike kutu. Ukipiga msasa mpaka ukafika kwenye zinki halafu ukapaka rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya mageti na madirisha, mafuta ya rangi yanagombana na zinki, polepole yanatengeneza kitu kama sabuni katikati na rangi yote inaachia. Mwanzoni itashika vizuri tu, utaringia majirani, miezi inapita inaanza kumenyeka shuka nzima. Na fundi rangi wa nyumba atakwambia rangi ya mafuta ndio imara, kwenye nondo sawa, hapa hapana. Palipobaki bati tupu tumia praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya epoksi au ile praima ya kung'ata bati wanayotumia mafundi wa magari, Kariakoo na Gerezani maduka ya rangi za magari yanazo, ukisema ni ya bati la zinki wanakuelewa.

Kurekebisha: kwangua yote iliyolegea, piga msasa ukingo mpaka ukipitisha kidole usisikie ngazi, safisha, praima, rangi. Kujua kama iliyobaki imeshika, chora alama ya X na wembe sehemu iliyojificha mgongoni, bandika tepu ya karatasi, ibonyeze vizuri kisha ivute ghafla. Ikitoka na rangi, usidanganyike, vua yote uanze upya.

Malengelenge, na kutu inarudi palepale

Sababu ya kwanza, kutu haikuisha. Kupitisha msasa juu juu ukaona rangi ya kahawia imepungua ukapaka, ile iliyobaki kwenye vishimo inaendelea kula chini kwa chini. Brashi ya waya, kisha msasa namba 80 au 120 mpaka uone bati jeupe, halafu panda taratibu mpaka 320. Vishimo usivyoweza kuvimaliza weka ile dawa ya kugeuza kutu iwe nyeusi, ila inafanya kazi kwenye kutu tu, ukiipaka bati safi haina faida.

Sababu ya pili ni chumvi, na hapa Dar tunaijua. Ukiwa Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach au popote upepo wa bahari unapokufikia, chumvi inatua kwenye bati kila siku. Afu kuna watu wanaosha mashine kwa maji ya kisima yenye chumvi, wanakausha, wanapaka, kumbe wamefungia chumvi chini ya rangi, na chumvi inavuta unyevu kupita kwenye rangi mpaka inavimba. Suuza ya mwisho tumia maji ya DAWASA au ya mvua, na upake praima siku hiyohiyo, bati tupu likilala usiku mmoja pwani asubuhi limeshabadilika rangi.

Sababu ya tatu, maji yanatoka ndani. Lengelenge likirudi kila mara chini ya kile kidroo cha sabuni, au mstari wa kutu ukianzia kwenye maungio ya mfuniko, acha rangi kwanza. Fungua mfuniko wa juu (mashine nyingi ni skrubu mbili tatu nyuma, unausukuma nyuma kidogo unanyanyua), tafuta paipu iliyolegea au njia nyeupe ya sabuni iliyokauka. Kidroo kilichoziba sabuni kinafurika kwa nyuma, ukikisafisha na mswaki wa zamani mara nyingi umemaliza.

SIMAMA HAPA: inamisha mashine mkiwa wawili, chukua bisibisi uchokonoe fremu ya chini, hasa pale miguu na zile shokapu zinapofungwa. Ikizama, sio kazi ya rangi tena. Na tafadhali usijaze bodi fila kwenye tundu la kutu la chini, inanyonya maji kutoka nyuma na itavimba. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka bati jipya lakini bodi yote ya umeme na nyaya zitolewe kwanza, fundi anayetaka kuchomelea mashine ikiwa imefungwa hivyohivyo mshukuru umuache aende.

Rangi imekauka na ukungu mweupe, haing'ai

Umepaka wakati wa masika, au usiku, au asubuhi mapema. Thina ikiruka kwa kasi inapoza bati, unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi na kubaki humo. Kwa hapa mjini paka kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana, kivulini penye hewa, na sio siku ile nguo ulizoanika hazikauki, kwa sababu siku nguo hazikauki na rangi haikauki. Miezi ya Juni mpaka Septemba ndio raha yake. Ukishaharibu usihangaike kupaka nyingine nene juu, iache ikauke kabisa, msasa wa maji namba 800, pitisha mkono mmoja (yaani tabaka moja la rangi) mwembamba siku nzuri.

Inanata, ukiweka nguo juu zinaacha alama

Karibu kila mara ni kwamba umepiga mikono minene kwa haraka. Juu panakauka panafunga, chini bado maji. Spirei inatakiwa mikono mitatu minne myembamba, kopo sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye bati, na muda kati ya mkono na mkono ni ule ulioandikwa kwenye kopo, soma, sio kukisia. Sababu nyingine ni chumba kisicho na hewa, na nyingine ni rangi ya mafuta ambayo yenyewe inachukua siku nyingi kukomaa. Dawa yake ni muda na feni ya mbali. Ikipita wiki mbili na bado ukibonyeza kucha inazama, haitakomaa hiyo, ivue. Na kukauka kwa kugusa sio kukomaa: hata kama baada ya saa moja haichafui kidole, mashine ipe siku mbili kabla ya kufua, na draya ipe wiki nzima kwa sababu ya lile joto lake.

Vishimo vidogo vya duara, rangi inakimbia sehemu

Silikoni. Kuna mtu alipuliza ile dawa ya kung'arisha dashibodi, au dawa ya kulainisha bawaba za mlango, tone moja linatosha. Ukiona vinaanza kujitokeza acha kupuliza hapohapo, ukiongeza rangi ndio vinapanuka. Ikauke, msasa, futa na dawa ya kuondoa mafuta inayouzwa maduka ya rangi za magari, na vitambaa vyote ulivyotumia tupa.

Vipele, michirizi, ganda la chungwa

Vipele ni vumbi, yaani umepakia barazani huku mtoto anafagia. Michirizi ni umesogeza kopo karibu mno au umeganda sehemu moja. Ganda la chungwa ni kinyume chake, umesimama mbali au jua ni kali rangi inakauka kabla ya kutua na kujilaza. Vyote vinatibika kwa msasa wa maji 800 kisha 1000 na mkono wa mwisho mwembamba. Sio janga.

Imekunjamana kama ngozi

Thina ya rangi mpya imeilainisha ya chini ikavimba. Au ulirudia mkono ukiwa umechelewa, rangi za kopo zingine zina dirisha lake: ama urudie ndani ya saa moja ama usubiri siku moja na zaidi, ukirudia katikati ya hapo inakunjamana. Hii haina mkato, inavuliwa. Jaribu kwanza sehemu ya nyuma kabla ya kupaka mbele, ndio maana mgongo upo.

Plastiki ya njano

Paneli ya vitufe na duara la mlango ndio vinazeesha mashine kuliko hata kutu. Kabla ya kuipaka rangi jaribu ile krimu ya hidrojeni paroksaidi wanayotumia saluni kwenye kubadili rangi nywele, ya volyumu 40 ambayo ni asilimia 12. Vua kipande chenyewe kitoke kabisa kwenye mashine, vaa glovu, paka sawasawa, funika na nailoni isikauke, weka juani huku unaangalia kila baada ya muda na kuisambaza upya, ukiacha ikauke inaacha mabaka. Inaweza kurudi njano taratibu baadaye, lakini inarudi nyeupe vizuri kiasi cha kushangaza. Ikiwa unapaka rangi, lazima praima ya plastiki, bila hiyo itachubuka kwa kucha. Maandishi ya programu usiyafunike, na ile lebo ya namba za mashine iwekee tepu, siku ukitafuta spea ndio utaikumbuka.

Stika za kufunika mashine nzima naziona sana siku hizi. Kwa mashine ya kufulia sawa kama bati halina kutu, kwa draya mimi hapana, joto linalegeza gundi na zinaanza kujikunja kona.

Mpira wa mlango mweusi

Usiupake rangi, haushiki na mashine itavuja. Ni kuvu. Jik kidogo kwenye maji, lowesha kitambaa, kibane kwenye mikunjo nusu saa, suuza kwa kuzungusha maji matupu. USICHANGANYE Jik na siki, ndimu au dawa ya choo, inatoa gesi ya klorini ambayo kwenye chumba kidogo inaweza kukulaza hospitali. Doa likiwa limeingia ndani ya mpira halitoki, nunua mpira mpya.

Tangu nipake rangi inanipiga shoti

Hapa tulia usome yote. Anza kwa kuchomoa, na isichomekwe tena mpaka ijulikane.

Sababu inayotokea zaidi ni waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Unafungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye bati, chuma kwa chuma. Wewe ukaufungua, ukapuliza rangi bati lote pamoja na kile kiduara kidogo cha bati tupu chini ya skrubu, ukafunga tena. Rangi haipitishi umeme, kwahiyo bodi imekatwa na ethi. Paneli za pembeni na mfuniko pia mara nyingi zinapata ethi kupitia skrubu zake tu. Fungua, kwangua rangi pale skrubu inapokaa mpaka bati lionekane, rudisha ile washa (kiduara cha chuma cha chini ya skrubu) yenye meno, kaza. Kisha plagi ikiwa nje, pima kwa mita kati ya pini ya ethi ya plagi na skrubu yoyote ya bodi isiyo na rangi, isome chini ya omu 1.

Ya pili ni plagi yenyewe. Mashine kutoka Ulaya zinakuja na plagi ya pini mbili nene za duara, na ethi yake ni vile vibati vya pembeni. Ukichomeka kwenye soketi zetu za matundu matatu kwa kuingiza kijiti kwenye tundu la juu, mashine inawaka vizuri kabisa lakini ethi haipo, hata kidogo. Ndani ya mashine kuna kichujio cha umeme kinachopeleka mkondo mdogo kwenye bodi, ethi ikiwepo huusikii, isipokuwepo unausikia ukiwa umeshika bati na miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Kata hiyo plagi, funga ya pini tatu yenye fyuzi 13A, kama hujawahi kufunga plagi mwite anayejua.

Ya tatu, nyumba haina ethi. Nyumba za kupanga nyingi waya wa ethi upo kwenye soketi lakini ukiufuata hauendi popote, ile fimbo ya chini haipo au imekatika. Ya nne, hita ya mashine imepasuka na kuvujisha umeme kwenye maji.

SIMAMA HAPA: ya tatu na ya nne ni za fundi umeme mwenye leseni, sio fundi wa mtaani mwenye testa. Akija mwambie pia akufungie ile sakiti breka inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe cha T. Na kama breka yako hiyo imeanza kukata kila ukiwasha mashine, isishikiliwe na wala isipitwe pembeni, inafanya kazi yake.

Draya inanuka rangi, au inachemka kuliko zamani

Harufu kidogo mara ya kwanza ni kawaida kama haikukomaa. Iendeshe tupu, madirisha wazi. Ikiendelea, angalia kama ulipaka ndani ya dramu. Watu wanapaka dramu ili ipendeze, na rangi ya kopo ya kawaida haivumilii joto na msuguano, itahamia kwenye mashati meupe. Dramu haipakwi, ile ya mashine ya kufulia ndio kabisa.

Ikichemka zaidi, angalia matundu ya hewa nyuma na chini, tepu na magazeti uliyozibia wakati wa kupaka yanasahaulika humo mara nyingi. Halafu zile nyuzi za nguo. Ukiwa umeifungua vumbi lote la nyuzi lililokaa karibu na hita livutwe litoke, hilo likipata joto linawaka, ni chanzo kimojawapo kikubwa cha moto wa draya.

SIMAMA HAPA: harufu ya kuungua, plagi kuwa ya moto, au sauti ya kusaga dramu inapozunguka. Na kama draya yako ni ile isiyo na bomba la kutoa hewa, yenye kompresa kama ya friji, usitoboe wala kuchomelea popote kwenye bodi, ndani kuna gesi na kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni ni R290, hiyo ni propani, inashika moto.

Mwisho kwa wanaotaka mng'ao wa gari: zile rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) zina kemikali ya sumu inaitwa aisosianeti, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, zinaharibu mapafu. Vua paneli, zipeleke gereji yenye chumba cha kupulizia, wapige wao, wewe urudishe skrubu nyumbani. Na uwaambie wasipulize kile kiduara cha ethi.